Kwaya za shule zisiishie Juni



Kila mwaka wa masomo, vikundi vya muziki vya wanafunzi wa Baraka na Fizi hupita njia ileile: Noeli, siku ya walimu tarehe 30 Aprili, uhuru tarehe 30 Juni. Kisha mafinalisti wanaondoka na nyimbo zao, na Septemba kundi linaanza upya.

Lakini wanafunzi wa Kamina, Katanga, waliacha alama. Mwaka 1958 wavulana na walimu wa shule ya huko, wakiongozwa na padri Mbelgiji Guido Haazen, waliimba Ulaya. Mwaka huohuo misa yao ya kuimbwa, Missa Luba, ikarekodiwa. Sehemu kubwa haikuwa na noti: waimbaji waliibuni palepale kwa mtindo wa nyimbo za kwao, ngoma zikilia. Mwaka 1968 Sanctus yake ilisikika katika filamu ya Uingereza, If.... Bila santuri, nani angeijua?

Baraka haina studio ya kurekodi. Simu zipo, tena nyingi mno darasani! Kijana anayepiga bidoni la mawese likalia kama ngoma hashindwi kubonyeza kitufe cha kurekodi. Maprefe wakipatie kila kikundi daftari na kadi ya kumbukumbu, nyimbo za Kibembe zihifadhiwe na majina ya watunzi, kabla mtihani wa Serikali haujawatawanya.

Gazeti hili nalo litenge ukurasa kila Julai.

Msomaji, Baraka