Faragha si siri

Kila serikali inapotaka kujua zaidi habari za watu wake, hoja ile ile huzuka: asiye na la kuficha hana la kuogopa. Hoja hii ni tamu masikioni, lakini inachanganya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga waziwazi. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni nafasi ambayo mtu hukaa peke yake, au na wale aliowachagua, pasipo jicho la mwingine. Afungaye mlango wa bafu hafichi siri yoyote, kwani sote twajua anachokifanya humo. Anataka faragha tu. Basi anayeidai faragha yake asidhaniwe kuwa mhalifu.

Hata hivyo, sidai kwamba dola ifumbe macho. Wasafiri wa barabara ya Kitale hadi Lodwar wanajua hofu ya kupita Kainuk. Mnamo Februari 2023 serikali ililazimika kutuma wanajeshi kuwasaidia polisi dhidi ya majangili katika kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwemo. Wala hatujawasahau watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015. Mapema mwaka huo, Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama ya 2014, lakini ikakiacha kile kinachoruhusu kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi. Haki ya faragha, iliyomo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, ina mipaka. Swali ni nani anayeichora mipaka hiyo, na kwa utaratibu gani.

Historia yatuonya. Kwa sheria ya 1915, mkoloni alimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, akikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Miaka ya 1940 ilipopendekezwa kwamba watu wa rangi zote wachukuliwe alama hizo, walowezi waliona ni kuvunjiwa heshima, wakapinga vikali. Turkana yenyewe ilikuwa wilaya iliyofungwa, haikuingiwa bila kibali. Ndiyo sababu mkoloni aliona Lodwar panafaa kumzuilia Jomo Kenyatta kuanzia 1959 hadi 1961, baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Alikuwa amemaliza kifungo, lakini hakuwa huru kwenda atakako.

Leo, safari ya takriban kilomita 120 kutoka Lodwar yatufikisha Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992. Huko, mkimbizi hutoa alama za vidole ili asajiliwe na kupata chakula. Ni haki mgao ulindwe dhidi ya udanganyifu. Lakini tazama yaliyotokea Garissa, jirani ya kambi za Dadaab. Wakati wa ukame na njaa, Wakenya wengi maskini walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate posho. Baadhi yao walikuwa watoto waliopelekwa na wazazi. Walipofika umri wa miaka 18 na kuomba kitambulisho, mashine ilisema: huyu ni mkimbizi. Alama iliyotolewa kwa ajili ya unga ikageuka ushahidi wa kumnyima mtu uraia wake. Bila kitambulisho hakuna ajira rasmi, akaunti ya benki wala kura. Je, vijana hao walikuwa na siri gani?

Kosa halikuwa katika mashine. Habari zilikusanywa kwa shabaha moja zikatumiwa kwa nyingine, na mwenye vidole hakuambiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza jambo hilo, na Mahakama Kuu iliitilia nguvu: Januari 2020 ilikataza ukusanyaji wa vinasaba katika mpango wa Huduma Namba, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa athari kwa faragha hazikuchunguzwa kwanza. Lakini sheria hiyo hiyo inatoa msamaha pale usalama wa taifa unapohusika, na mlango huo ni mpana mno. Naona ni lazima kila upelelezi uwe na idhini ya hakimu, muda maalumu, na njia ya mwananchi kukata rufani.

Lipo sharti jingine, ambalo mimi kama mwanaisimu siwezi kulinyamazia. Sheria yataka ridhaa. Kuridhia ni zaidi ya kutopinga. Mama wa Kiturkana aliyewekewa fomu ya Kiingereza na kuonyeshwa pa kubonyeza kidole ametii, hajaridhia. Vivyo hivyo Mdinka, Msomali au Mrundi aliyeko Kakuma. Aelezwe kwa lugha aielewayo: tunachukua nini, kwa nini, nani atakiona, kitafutwa lini.

Walimu na wanafunzi, kazi hii inaanza kwetu. Tufasiri kifungu cha 31 kwa Kiturkana na lugha za kambini, tukijadili darasani. Dola inayo haki ya kumtafuta mwizi wa mifugo; haina haki ya kumfanya kila mchungaji mshukiwa. Usiku wa kuamkia uamuzi kuhusu mashine mpya, tuulize kwanza: mwenye kidole ameelewa?