Mambo ya Nyumbani: Picha ya Kutundika Ukutani

Mwezi huu twataka kunena habari za picha za wachoraji mashuhuri zilizopigwa chapa, ambazo watu hununua zikiwa zimekwisha kutiwa fremu na kioo. Kupamba nyumba si upuzi, wala si jambo la matajiri peke yao. Walakini fedha ya nyumba ni fedha ya watoto pia, nayo yapasa itumike kwa akili.

Tutwae mfano mmoja, picha ya alizeti ya Vincent van Gogh, Mholanzi. Aliichora katika mji wa Arles, Ufaransa, mwezi wa Agosti, 1888. Alikuwa akimngojea mchoraji mwenziwe, Paul Gauguin, aje kukaa naye, akataka kumpambia chumba. Basi alizeti zile zilikuwa heshima ya mgeni kabla hazijawa hazina ya jumba la picha. Tangu mwaka 1924 picha hiyo ni mali ya National Gallery, London.

Kwa hiyo iliyomo dukani ni nakala. Nakala si kitu cha aibu, mradi iitwe nakala na bei yake iwe ya nakala. Wengine hudanganyika kwa jina “Vincent” lililo juu ya chombo cha maua, wasijue ya kuwa jina hilo limepigwa chapa pamoja na maua yenyewe. Si ushuhuda wa mkono wake. Twaa kioo cha kukuzia, utazame: mara nyingi utaona vitone vidogo vya wino. Picha ya asili ina rangi ya mafuta iliyopakwa nene, hata alama za brashi zaonekana. Muuzaji akizidi kusifu mno, kumbuka: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena, angalia vipimo. Picha ya asili ina urefu wa sentimeta 92 na upana wa 73. Nakala yenye urefu wa 46 na upana wa 36 na nusu ni sawa, kwa kuwa vyote viwili vimepunguzwa nusu. Bali ukiletewa ya mraba, jua kwamba imekatwa au imevutwa.

Kisha tazama fremu. Kioo kisiguse picha, maana penye unyevu, kama huku pwani, karatasi hushikamana nacho ikaharibika. Pawe na ukingo wa kadibodi kati yao, nayo iwe kadibodi isiyo na asidi, isije ikaitia karatasi umanjano.

Ukifika nyumbani, usiitundike penye jua wala karibu na moshi wa jikoni. Jua hufifisha wino. Hata katika rangi za manjano alizotumia Vincent mwenyewe, wataalamu wameona kwamba nyingine hugeuka kahawia kwa ajili ya mwanga.

Nanyi walimu na wazazi, picha ikiisha kutundikwa, msiiache kuwa kizibo cha ukuta. Waiteni watoto, mkawaulize: maua yapi yamechanua, na yapi yamepukutika yakabaki vichwa vya mbegu? Kwa nini mchoraji aliyaweka yote katika chombo kimoja? Nyumba ambayo watoto wake hujifunza kutazama hivyo haikupoteza fedha yake.