Viwanja vya watoto si akiba ya wakubwa

Mtu mzima wa kata ya Misunkumilo, Mpanda mkoani Katavi, akiwakuta watoto wamejazana mbele ya simu moja, husema watoto wa siku hizi ni wavivu. Aulizwe kwanza: pale alipokuwa akipiga chandimu mwenyewe, leo pana nini? Mara nyingi atakuonyesha msingi wa nyumba, fremu za maduka au ukuta wenye geti.

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi na watu 564,604. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Watu wameongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miaka 10, na wote wanataka pa kulala. Hatuna ugomvi na ujenzi. Ugomvi wetu ni na tabia ya kuliona eneo lisilo na nyumba kuwa halina mwenyewe, ilhali wenyewe wapo na hulitumia kila jioni.

Rede haichezwi uchochoroni. Warushaji wawili husimama mbali, wa katikati akijaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira. Wakibanwa na ukuta, mchezo umekwisha. Kombolela nayo inataka pa kujificha na pa kukimbilia, ili aliyebaki atokeze ghafla, alipige kopo teke na kuwaokoa wenzake waliokwisha kukamatwa. Mpira wenyewe haujawahi kuwa tatizo. Mifuko ya rambo iliyotumika kuutengeneza imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini matambara na kamba bado vipo. Kinachokosekana ni ardhi.

Wala tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa peponi. Wavulana walibaki uwanjani hadi giza. Dada zao waliitwa mapema kuchota maji na kuinjika sufuria. Hilo halistahili kurudishwa.

Mtoto aliyefukuzwa uwanjani hakai bure. Anaishia kibanda cha gemu, au kando ya mashine ya dubwi na sarafu ya shilingi 200 mkononi. Michezo ya kubahatisha hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, na mwenye mashine anajua. Anayepokea sarafu hiyo afungiwe biashara, asipewe onyo la tatu na la nne.

Mzazi naye hachomoki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Anayemtoa mwanawe darasani, akampeleka twisheni hadi magharibi, kisha Jumamosi akampeleka tena, anamnyima haki iliyoandikwa, hata kama ada ameilipa kwa jasho.

Hukumu yetu ni kwamba wakubwa wana hatia, na fidia yake ni ardhi. Manispaa ya Mpanda ibandike kwenye ofisi ya kila kata, Misunkumilo ikiwemo, ramani ya maeneo ya wazi, na iyawekee bikoni. Kamati za shule zifungue viwanja vyao jioni na siku za mapumziko. Wenyeviti wa mitaa wasomee wananchi mipaka ya maeneo hayo mkutanoni, na atakayeanza kuchimba msingi ndani yake asimamishwe siku hiyo hiyo, kabla hajaleta tofali na kuanza kuomba huruma.