Beshte Yako Aliye Kambini Si Kontenti

Wasee, leo hakuna kichekesho. Wale mmezoea nikiigiza makanga na mama wa kanisa, rukeni hii, tuonane Ijumaa. Leo nimekasirika, na mtu wa kwanza nimemkasirikia ni mimi.

Nina beshte yangu mwanajeshi. Tumekulia ploti moja Kayole. Nitamwita Sajenti, ingawa hana hicho cheo hata kidogo. Ni jina alipewa shule ya msingi kwa sababu ya kupenda kupanga watu laini wakati wa uji. Baada ya KCSE mimi nilienda chuo, yeye akaenda uwanjani siku ya kuandikisha makurutu, akakimbia, akapimwa kimo, akaangaliwa meno, akachukuliwa. Akaenda mazoezi Eldoret. Mimi nikaacha chuo mwaka wa pili, karo ilishinda nyumbani, na siku nilirudi na godoro begani kila mtu kwa ploti alikuwa na swali. Yeye hakuuliza kitu. Alinitumia thao tatu akasema, "Nunua maiki ya maana, ile yako inalia kama bati." Hiyo maiki ndiyo mnasikia hadi leo.

Sasa hivi ametumwa. Wapi? Sisemi. Na kama vidole vyako vimeshaanza kuandika "ni Dhobley ama Kismayu?" hapo chini, basi wewe ndiye naandikia.

Tuna grupu ya WhatsApp ya vijana wa mtaa, kumi na wanne. Juzi nilikaa nikapanda juu, nikasoma kila kitu tumemwandikia Sajenti tangu aondoke. Maze, niliona aibu. Mmoja anamwambia, "Buda, marupurupu si yameingia, tupa kitu." Mwingine anataka picha akiwa na bunduki, "hata moja tu, nitablua sura." Kuna mwenye amemtumia fundraising ya harusi mara mbili. Mwingine aliuliza, hapo kwa grupu, mbele ya watu wote, kama ameshaua mtu. Na akaweka emoji ya kucheka. Katika miezi saba, nilitafuta mtu mmoja aliyemwambia kitu chochote kuhusu mtaa, kwamba stima ilipotea, kwamba fulani amepata mtoto. Sikupata. Hata kwangu mwenyewe sikupata.

Yaani tunaongea na yeye kama ATM yenye kombati.

Na ukimwambia mtu hivyo, jibu liko tayari: "Kwani alilazimishwa? Si analipwa?" Ndio, analipwa. Daktari pia analipwa na bado hatumwombi atutumie picha za wagonjwa. Hii ya "alienda kwa hiari" tunaisema sana sisi ambao tulikaa nyumbani, na nusu yetu tulikuwa kwa ile laini ya uwanjani tukarudishwa kwa sababu ya nyayo bapa.

Sasa nifike kwa dhambi yangu.

Mwezi wa tatu wa safari yake alinitumia ujumbe wa sauti. Usiku. Alikuwa ananiambia venye amechoka kula kitu kimoja, na venye kuna jamaa kwa kikosi chao anakoroma hadi wanampigia kura ahamie nje. Ilikuwa chekesha kabisa. Nilicheka nikalia. Halafu akili yangu ya kontenti ikaamka. Nikakata sekunde kumi na tisa, nikaweka picha ya bendera, nikaandika "Sauti kutoka kwa shujaa wetu," nikaposti. Sikumuuliza. Nilijiambia nimeficha jina, niko sawa.

Ndani ya saa nne, watu 41,000 walikuwa wameisikiza. Mimi nilikuwa naangalia namba. Sikuwa naangalia komenti, na komenti ndizo zilikuwa shida. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na jenereta, na mtu kwa mbali akiita kitu. Watu wakaanza kazi ya upelelezi. Mmoja, "Huo upepo ni wa baharini." Mwingine, "Hiyo jenereta naijua, nilikuwa hapo." Mwingine akataja mahali. Mwingine akamsahihisha, akataja mahali pengine, akaeleza na sababu. Wote walikuwa wanapenda nchi yao na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wanajionyesha kwamba wanajua tu.

Saa nne na nusu Sajenti akaandika maneno matatu: "Toa hiyo kitu."

Nikatoa. Nikaomba msamaha kwa aya ndefu. Tiki moja. Kesho yake, tiki moja. Wiki, tiki moja. Siku ishirini na tatu, msee. Kila mara habari ya saa moja ikianza nilikuwa nasimama nyuma ya kiti cha mathe nikishika ukingo wake. Mama yake Sajenti alikuwa ananiuliza, "Wewe mnaongeanga, amekwambia nini?" na mimi namwambia, "Ni network, mama." Nilimdanganya mama ambaye amenilisha tangu niko na miaka sita.

Hakukuwa na shambulio. Wakubwa wake waliisikia ile video kabla sijaitoa, na yaliyofuata hayanihusu kuyaweka hapa. Kitu pekee alichoniambia aliporudi hewani ni kwamba hawakumkasirikia kwa sababu ya kukoroma.

Kuna watu watasema nakuza mambo. Sekunde kumi na tisa zitafanya nini? Basi sikiza. Mnajua ile programu ya wanaokimbia, Strava? Ilichora ramani ya dunia inayoonyesha watu wanakimbilia wapi. Mwezi wa kwanza 2018, mwanafunzi wa Australia wa miaka 20, mtu wa rika letu, aliiangalia akaona vimistari vinang'aa katikati ya jangwa Syria na Afghanistan. Walikuwa wanajeshi wakifanya mazoezi ya asubuhi wakizunguka kambi zao wenyewe. Hakuna aliyemwambia mtu siri. Walikimbia tu na saa mkononi.

Na tarehe 1 Januari 2023, huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine, jengo walimokuwa wamelala wanajeshi wa Urusi lilipigwa roketi usiku wa mwaka mpya. Urusi yenyewe ilikubali kupoteza watu 89, na jeshi lao likasema sababu kuu ni wanajeshi kutumia simu, adui akajua walipo. Wengine walisema jeshi linasingizia simu ili kuficha uzembe wa wakubwa, na hilo pia linawezekana kabisa, wakubwa ni wakubwa kila mahali. Lakini fikiria usiku wa mwaka mpya. Unadhani walikuwa wanampigia nani simu? Vijana wa kwao. Watu wa grupu kama yetu.

Ndiyo maana huyo anayeomba lokesheni ati "nione uko wapi kwa ramani" ananitoa jasho.

Tuje nyumbani. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011. Mimi nilikuwa na miaka minane. Watoto wa gredi ya sita hawajawahi kuishi hata siku moja ambayo Kenya haina askari Somalia. Misheni imebadilisha jina, ikawa AMISOM, halafu ATMIS 2022, halafu AUSSOM 2025, na kwa sababu imezoeleka hivyo tumeacha hata kuuliza. Tunakumbuka siku ya msiba pekee.

Januari 15, 2016, kambi ya El Adde ilivamiwa alfajiri. Nilikuwa darasa la saba. Kile nakumbuka si taarifa ya televisheni. Nakumbuka kijana mkubwa wa ploti yetu akituita watoto nyuma ya choo kutuonyesha simu yake. Zilikuwa picha za waliokufa. Zilikuwa zimetolewa na Al-Shabaab wenyewe, na Wakenya ndio walikuwa wanazisambaza, simu hadi simu, na hizo alama za kusikitika chini. Sajenti alikuwa hapo kando yangu. Aliangalia, akaenda zake, hakusema kitu siku hiyo yote. Mimi niliomba nionyeshwe tena. Sijawahi kumwambia mtu hiyo sehemu.

Hapa najua kuna hoja, na ni nzito, sitaikimbia. Serikali haikutoa idadi kamili ya waliokufa El Adde. Rais wa Somalia wa wakati huo alitaja watu karibu 200, sisi tukakana, na familia zikabaki na majeneza na maswali. Kwa hivyo mtu ananiambia: bila hizo picha tungejua nini? Si wangetuficha kila kitu?

Kweli walificha, na kudai ukweli ni haki yetu. Taja jina la waziri, andika, uliza idadi kila Januari, enda barabarani kama umechoka kuuliza. Niko na wewe. Lakini niambie, yule kijana nyuma ya choo alikuwa anamdai nani ukweli? Kuna siku picha itafika kwa simu ya mama kabla afisa hajafika mlangoni. Mama atamtambua mwanawe kwa soksi. Na wewe uliyeituma utakuwa umeandika "inauma sana" na kuendelea na mechi. Al-Shabaab wanapiga hizo picha ili zifike hapo hapo kwa huyo mama, na sisi tunajitolea kuwa boda boda wao bila hata kulipwa nauli.

Pia hii mambo ya kumwandikia mtu "uko hai???" kila habari ikitoka. Naelewa hofu. Nimeshika ukingo wa kiti, naijua. Lakini jaribu kuwa yeye. Kule simu haishiki kila saa. Hata upande wetu wa mpaka, Mandera, Wajir na Garissa, minara imelipuliwa mara kadhaa, watu wakakaa gizani bila mtandao. Kwa hivyo anakaa siku tano kimya, halafu mtandao unashika dakika kumi, simu inaanza kutetemeka, na jumbe sitini zinaingia. Arobaini zinauliza kama amekufa. Kumi ni pesa. Anatumia zile dakika kumi kuwajibu watu kwamba yuko hai, halafu mtandao unaenda. Hajaongea na mtu. Amejibu rejista tu, kama shule.

Siku moja, tukiwa tumepatana, nilimuuliza sasa anataka nini. Nilidhani ataniambia "sala zenu" ama kitu kama hicho cha kuweka kwa bango. Akaniuliza kama yule msee wa smokie pale stejini alimrudishia mke wake. Nikamwambia sijui. Akaniambia, "Nenda ujue." Alikuwa serious. Alitaka kujua pia kama choo cha ploti kimetengenezwa mlango, na kama KDF za kibandani bado ni bob kumi. Zile mandazi ngumu, si jeshi. Amekaa na KDF ile nyingine miezi saba na anachokosa ni KDF ya bob kumi na chai ya maziwa.

Aliniambia pia kitu kingine, na nimemwomba ruhusa ya kukiweka hapa, safari hii nimeomba. Kwamba tukimwuliza maswali ya vita anaona ni kama hajawahi kuwa mtu mwingine. Kwamba akisoma grupu yetu tukibishana Arsenal anakasirika tukimtambua kwamba yuko hewani, kwa sababu papo hapo tunaacha kubishana na kuanza "shujaa, shujaa." Anataka atukanwe kama zamani. Timu yake imechapwa, na hakuna mtu hata mmoja alimtukana.

Kwa hivyo kama uko na beshte, kaka, dada, ex, yeyote aliye kambini, huko Somalia, Lamu kando ya Boni, popote, futa hilo ombi la picha sasa hivi kabla halijasomwa. Na wewe mwenye page kama yangu, mwenye ujumbe wa sauti wa mtu kwa folda unaongojea siku ya Mashujaa, mpigie kwanza. Akikataa, amekataa. Msinikomentie "lakini umeposti stori yake hapa." Amesoma hii yote. Alitoa mambo mawili, na akaongeza lile la soksi.

Jana nilienda stejini nikala smokie mbili nisizozitaka ili nipate habari. Mke amerudi, lakini ameleta na mama mkwe. Mlango wa choo bado ni gunia. KDF bado ni bob kumi ila zimekuwa ndogo, unamaliza kabla chai haijapoa. Nilimrekodia dakika sita, na za mwisho mbili ni matusi ya Arsenal matupu, mathe akinifokea kutoka jikoni nipunguze sauti.

Hadi sasa ni tiki moja. Sijamwandikia "uko sawa?"