Mapambo ya Idi: Waya na Kamba Vinatosha

Wazazi wapenzi, mwenzetu mmoja hapa Nyamyumba aliniambia zakatul-fitri ataitoa "akijaaliwa", kumbe sebuleni kwake nyota za plastiki zinang'aa! Hapana, ndugu zangu. Zaka hiyo ni swaa moja ya chakula, kiasi cha kilo 2 na nusu, kwa kila mtu nyumbani, na hutolewa kabla ya swala ya Idi. Ikishaswaliwa, inakuwa sadaka tu. Pambo halina wakati wake.

Tena plastiki, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko yake tangu 2008! Migomba imetuzunguka. Chukua ganda kavu la mgomba, lilowanishe lisikatike, lichane, sokota kamba. Kunja waya umbo la hilali, zungushia kamba mpaka waya usionekane, na ncha uzifiche zisichome watoto. Mtoto anayejifungia mpira wa majani ya migomba atashindwaje?

Wako wanaosema kupamba ni bid'a. Mimi naona ni furaha ya Idi, maadamu hatuifanyi ibada. Lakini jirani alale njaa ili ukuta ung'ae? Hilo halina khitilafu.

Wanafunzi, Jumamosi njooni madrasa na waya. Wazazi, nyinyi leteni mchele.

Wabillahi tawfiq.