Gari la Kampala lililokwama Salgaa

Wiki mbili zilizopita nilipanda Nakuru kumjulia hali mama mkwe wa dada yangu, aliyekuwa mgonjwa. Alhamdulillah, bibi nilimkuta anakaa kitako na kunywa uji. Aliyekuwa mahututi ni shemeji yangu. Alikuwa amekaa barazani Bondeni, bahasha ya karatasi mapajani, na hata salamu yangu aliijibu nusu.

Kisa chenyewe ni gari. Miezi minane nyuma alinunua Toyota Premio ya mwaka 2007 kwa shilingi 340,000. Gari safi, injini haina kelele, viti havijachanika. Lilikuwa na namba za Uganda. Broka aliyemuuzia alimkabidhi nakala ya kitabu cha gari chenye jina la mtu wa Kampala, mkataba wa mauzo uliopigwa chapa, na karatasi ya forodha ya kuingiza gari nchini kwa muda. Karatasi ile ilikuwa imeshapitwa na tarehe. Shemeji alipouliza, akaambiwa, "Hiyo huongezwa tu, bosi. Nakuru hapa ziko nyingi."

Ziko nyingi kweli. Siku tatu nilizokaa nilianza kuzihesabu kwa mchezo, nikiwa nimekaa mbele ya duka lake, nikachoka. Ila shemeji alikuwa akielekea Molo kuchukua viazi, akasimamishwa karibu na Salgaa. Dereva wa trela aliyekuwa mbele yake aliulizwa mambo ya matairi akaachiwa. Yeye aliulizwa karatasi moja tu. Jioni ile gari lililala yadini na yeye akarudi mjini kwa matatu.

Nilidhani ni jambo la faini. Nikamwambia, shemeji, si ulipe ushuru uliosalia, gari liwe lako kihalali? Akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuuliza swali hilo kwa watu kumi. Ushuru haulipiki, kwa sababu gari lenyewe limezeeka mno kusajiliwa Kenya. Basi lirudishwe Uganda? Kwa jina la nani? Mwenye kitabu hamjui, na simu ya broka haipatikani. Gari haliwezi kuingia wala haliwezi kutoka.

Kwa sisi wa Pwani jambo hili si geni wala si la watu wa bara peke yao. Magari haya yote hushukia kwetu. Meli ikitia nanga Kilindini, yako yatakayobaki na yako ya safari: ya Uganda, Rwanda, Kongo, Sudan Kusini. Yakitoka bandarini hupita njia ile ile, Mariakani, Voi, Nairobi, Naivasha, Gilgil, Nakuru, kisha Salgaa mpaka Mau Summit ambako barabara hugawanyika, moja ikashuka Kericho kuelekea Busia na nyingine ikaenda Eldoret hadi Malaba. Vijana wangapi wa Changamwe na Mikindani wamekula kwa kuyafikisha mpakani? Basi fikiria ajabu hii: gari la miaka kumi na mbili linapita mbele ya mlango wa mtu wa Nakuru, halali kabisa, kwa kuwa linakwenda kwa jirani. Mtu huyo haruhusiwi kulinunua. Likishavuka Malaba na kupata namba za Uganda, linarudi kumbishia hodi kwa bei ya mteremko.

Sheria yetu ni nyepesi kuieleza. Kiwango cha KS 1515, ambacho KEBS hukisimamia, kinasema gari la mtumba lisizidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe upande wa kulia. Kila Januari mstari unasogea mwaka mmoja. Mwaka 2025 yaliruhusiwa yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Ukiingia 2026, ni 2019 kuendelea. Ndiyo maana kila Desemba mawakala wa Mombasa hawalali. Gari lililochelewa melini likatia nanga baada ya mwaka kugeuka huwa limezeeka njiani, na mwenyewe hulazimika kulirudisha lilikotoka kwa gharama zake.

Majirani wamechagua njia nyingine. Uganda ilifunga mlango mwaka 2018, lakini ikaufungia kwenye miaka 15 tangu gari litengenezwe, na yaliyo chini ya hapo yakizeeka hutozwa tozo ya mazingira. Tanzania haikufunga mlango kwa umri. Iliweka ushuru wa uchakavu: gari dogo la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, likizidi miaka 10 asilimia 30. Kwa hiyo ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, yenye sheria moja ya usimamizi wa forodha ya mwaka 2004, gari moja ni kijana Kampala, mzee anayelipa faini Dar es Salaam, na maiti Nairobi.

Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu, na shemeji yangu akiwemo. Husikia "Jumuiya", husikia "soko la pamoja", wakadhani gari lililolipiwa Kampala limelipiwa kote. Sivyo. Bidhaa zinazovuka mipaka yetu bila ushuru ni zile zenye asili ya Afrika Mashariki. Premio ni ya Japani hata ikae Kampala miaka ishirini. Ushuru uliolipwa kule uliingia hazina ya kule, na hazina ya Nairobi itadai wake wote. Na hata ukiwa tayari kuulipa, bado umri unakungoja mlangoni.

Kinachoruhusiwa ni kutembea. Mganda akija na gari lake Kenya kwa harusi au biashara hupewa kibali cha muda mpakani, hukata bima inayotambulika huku, na siku zake zikiisha hutoka nalo au huomba nyongeza. Kibali kile ni cha mgeni aliyeliingiza. Hakiuziki pamoja na gari, kama vile tiketi ya ndege ya mtu haiuziki pamoja na begi lake. Siku mgeni anapomuuzia mwenyeji, gari lile limegeuka bidhaa isiyolipiwa ushuru. Kifungu cha 200 cha sheria ile hakimgusi mwingizaji tu, kinamgusa pia aliyekutwa nalo: kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili, na gari kutaifishwa juu yake. Shemeji alikuwa hajui hilo. Nilipomsomea alinyamaza, kisha akaniuliza kama chai imepoa.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake, mwenye duka, anaingia hapo? Nitapiga hesabu, nanyi mnifuate. Chukua gari dogo lisilozidi cc 1500 ambalo thamani yake ya forodha ni shilingi 100. Ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, Kenya ikaupandisha hadi 35 mwaka 2023. Tumefika 135. Ushuru wa bidhaa asilimia 20 juu ya hiyo ni 27, tumefika 162. VAT ya asilimia 16 juu ya zote ni karibu 26. Tia ada ya kutangaza bidhaa asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2 za ile mia ya mwanzo. Jumla ni kama 192. Shilingi mia imezaa kodi ya tisini na mbili. Na hiyo mia yenyewe siyo uliyolipa Japani. KRA huanza na bei ya gari jipya iliyo kwenye orodha yake, ikapunguza kwa umri, ndipo hesabu ikaanza. Hata ukilipata kwa bei ya chee mnadani, orodha haijali.

Injini ya Premio nyingi imezidi cc 1500, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 25. Fanyeni wenyewe.

Mtu wa Nakuru anayebeba viazi vya Molo au maziwa ya Njoro hana haja ya gari la 2019. Anataka kitu cha kumfikisha sokoni na kurudi. Umri wa miaka 8 ukichanganyika na kodi hiyo umemfungia nje. Akigeukia magari yaliyomo nchini tayari, anakuta lililoingia zamani na namba zake za KAX au KBB bado linauzwa bei ya kumtoa machozi, kwa sababu hakuna mengine yanayoingia kulishusha. Na hili nataka tulitazame vizuri: lile la KAX ni zee kuliko Premio ya shemeji. Linatembea kihalali kwa sababu lilivuka Kilindini likiwa kijana. Sheria huuliza umri siku ya kuingia, baada ya hapo haiulizi tena. Matatu hupelekwa ukaguzi kila mwaka. Gari la mtu binafsi, nani amewahi kuliona kwenye foleni ya ukaguzi? Ukisimama Ngata saa mbili usiku utaona pikapu za zamani zinazopanda kuelekea Salgaa zikiwa na taa moja, zimejaa magunia, na zote zina namba za Kenya.

Msinielewe vibaya. Sisemi umri ufutwe. Mwaka 2020 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapo Gigiri, lilitoa ripoti kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo ya mitumba milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa yakaja Afrika. Mengi ni takataka za wenzetu. Barabara ya Nakuru imeshazika watu wa kutosha. Mkesha wa mwaka mpya wa 2018 basi na lori ziligongana Migaa, watu zaidi ya thelathini wakafa. Juni 2023, mwendo mfupi kutoka hapo, lori liliparamia watu sokoni katika njia panda ya Londiani, wakafa zaidi ya hamsini. Breki ni breki. Anayesema gari la zamani lina uhai wake na liachwe liingie, aende akasimame kwenye mteremko ule.

Tena kuna ajira zetu. Kiwanda cha AVA pale Miritini huunga magari, na watu wetu wamo. Mwaka 2019 ilikuwepo rasimu ya sera iliyotaka umri ushushwe kutoka miaka 8 hadi 5 ili viwanda vipate soko. Waagizaji wakapiga kelele, na mstari ukabaki ulipokuwa. Mimi naona kelele ile ilikuwa na haki. Huwezi kumnyang'anya mtu mtumba kabla hujamwonyesha jipya analoliweza.

Ninachogombana nacho ni mahali sheria inapopiga. Gari la kigeni likivuka Malaba linaandikwa. Kompyuta inajua lini limeingia na lini lilipaswa kutoka. Siku ya mwisho ya kibali ikapita, kimya. Mwezi, miezi sita, mwaka, kimya. Broka anatangaza kwenye simu, na picha, na bei, "namba za UG, halina shida". Anayeshikwa ni wa mwisho kwenye mnyororo, na hushikwa barabarani akiwa na viazi. Ingekuwaje kama mnunuzi angeweza kutuma namba ya gari la kigeni kwa ujumbe wa simu akajibiwa: gari hili ni la mgeni, kibali kimekwisha tarehe fulani, haliuzwi? Gari la Kenya tunatafuta taarifa zake NTSA kabla ya kutoa pesa. La jirani tunaamini karatasi ya broka.

Wala simtetei shemeji mpaka mwisho. Dada yangu alisikia nikimwuliza, "Ulijua?" Akasema hakujua sheria, ila bei ilimwambia kitu. Gari kama lile lenye namba za Kenya angeuziwa mara mbili ya hapo na zaidi. Sisi katika dini yetu muuzaji analazimika kufichua aibu ya bidhaa yake, na aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Lakini utamrudishia nani aliyezima simu? Na wewe mnunuzi uliyeiona aibu kwenye bei ukanyamaza kwa kuwa imekufaa? Nilimwuliza hilo taratibu, maana nilikuwa nakula chakula chake.

Wakili aliyemwendea amemshauri asitafute njia ya mkato yadini, atoe maelezo yake yote, amtaje aliyemuuzia na tarehe, aombe suala limalizwe bila kufikishwa kortini. Gari alisahau. Zile 340,000 zilikuwa za kupanua duka kabla ya Ramadhani.

Alhamisi usiku, nikiwa nimerudi Mombasa, alinipigia. Sauti yake ilikuwa imechangamka kidogo. Nikadhani amepata habari njema kutoka kwa wakili. Kumbe kuna mtu Taveta amemwambia anayo Probox nzuri, ya 2010, namba za Tanzania, na karatasi zake zote zipo.

"Zote zipi, shemeji?" nikamwuliza.

Akasema atanitumia picha. Mpaka naandika haya sijaziona, na dada yangu ameniambia kadi ya benki kwa sasa anaiweka yeye.