Mguu huokolewa kwa kisu, hupotezwa wodini

AJALI za bodaboda zimewafanya wakazi wa miji yetu wazoee habari za majeruhi waliovunjika muundi, mfupa ukatokeza nje. Kisichozungumzwa sana ni hiki: mfupa ukishaungwa, utafunikwa kwa nini?

Ngozi nyembamba ya kupandikiza haishiki juu ya mfupa mtupu, kwa kuwa haiji na damu yake. Hivyo daktari bingwa wa upasuaji rekebishi hulazimika kuhamisha kipande kinene cha ngozi, pengine pamoja na msuli, kikiwa na mishipa yake ya damu. Kipande hicho kikifa, mfupa hubaki wazi, maambukizi huingia, na majeruhi aweza kukatwa mguu.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1597, Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, Italia, alichapisha kitabu kinachoeleza jinsi ya kuunda pua kwa ngozi ya mkono, mkono ukifungwa usoni hadi ngozi ipate damu mahali papya. Mwaka 1917, Harold Gillies wa Uingereza aliikunja ngozi ya namna hiyo kama mrija ili kuwatibu askari walioharibiwa nyuso vitani. Ndugu yake, Archibald McIndoe, alikuwa mmoja wa madaktari watatu walioanzisha AMREF hapa Afrika Mashariki mwaka 1957.

Leo mishipa huunganishwa kwa msaada wa hadubini, na vituo vikubwa duniani hufanikiwa kwa zaidi ya asilimia 95. Hata hivyo, hatari kubwa imo katika siku mbili au tatu za kwanza, mgonjwa akiwa kitandani. Bandeji iliyobana, damu iliyoganda chini ya ngozi au mshipa uliojipinda hutosha kuharibu kazi ya saa nyingi.

Dalili zake husomwa kwa mkono na jicho. Kipande kikiwa baridi na kimesinyaa, damu haiingii. Kikivimba na kukaza, damu haitoki. Kwa kuwa rangi hujificha katika ngozi nyeusi, kuchoma kidogo kwa sindano husaidia: damu nyekundu ni habari njema, damu nyeusi inayotoka upesi ni onyo, na kukosekana kwa damu ni hatari.

Tiba yaweza kuwa kukata nyuzi chache, au kumrudisha mgonjwa haraka chumba cha upasuaji. Hata ruba, walioidhinishwa Marekani mwaka 2004, hutumika kunyonya damu iliyokwama.

Hoja ya msingi, basi, si mashine za gharama pekee. Ni muuguzi anayekagua kila saa usiku kucha, mwenye mamlaka ya kumwamsha daktari, na chumba cha upasuaji kisichofungwa alfajiri. Mgonjwa naye aache sigara, kwani nikotini huibana mishipa hiyo hiyo. Hospitali inayonunua hadubini huku ikimwachia muuguzi mmoja wodi nzima usiku, imenunua nusu ya tiba.